Siku ya Kuketi

Ijumaa ya pili ya Septemba, 1988, Kalunde aliamka mapema kuchuma mbaazi kabla umande haujakauka. Alianza na tuta la tatu, kwa sababu ndilo lililopitwa na vigingi vyekundu vya mpima ardhi siku mbili kabla. Alichuma zilizokauka, kisha akachuma na za kijani, maana kufikia jioni pasingekuwa na mmea wa kuzikomaza. Akanawa miguu, akavaa rinda la kanisani na kuchukua leso kuukuu ya kukalia. Ilikuwa Siku ya Kuketi.

Bonde zima chini ya soko la Tawa liliijua siku hiyo. Mwaka 1952 serikali ya Wazungu ilileta malori kuwahamisha watu wa bondeni. Mutunga wa Ndeti, mwalimu wa watoto kanisani ambaye hakuwahi kumchapa hata mbuzi, aliwaambia watu wasiokote jiwe wala fimbo. Waketi tu. Wazee wakaacha vigoda vyao vya miguu mitatu nyumbani, wakakaa vumbini pamoja na wake zao, na wote wakawa wazito. Askari sita walishindwa kumnyanyua Kalunde, ambaye wakati huo alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni. Mzee mmoja alifungwa kamba, kamba ikafungwa kwenye lori, na lori likavunjika ekseli. Jioni D.C., mkuu wa wilaya, alipanda juu ya boneti, akasema maneno mengi, na mwishowe akasema bonde ni lao. Alipofunga mdomo watu wakawa wepesi, wakainuka, wakaenda kukama ng'ombe.

Mutunga alikufa kwa kifua mwaka 1961, hata bendera ya uhuru hakuiona. Lakini kila mwaka watu waliketi siku hiyo kwa heshima yake, na kila mwaka walikuwa wazito mpaka serikali imalize kusema. Mwanzoni haikuwa taabu. Chifu alisema dakika kumi, pasta akaomba, watu wakaenda kula muthokoi.

Mambo yaliharibika mwaka 1985, Mheshimiwa mbunge alipochelewa na D.O. mgeni, ofisa wa tarafa, akalazimika kuvuta hotuba kwa muda mrefu. Lori lililoleta viti likageuzia katika shamba la Muli na kulaza mbaazi zake zote. Muli aliliona vizuri kutoka pale alipoketi. Alipiga kelele, lakini hakuinuka, kwa kuwa hakuweza. D.O. alikuwa mtu makini, na hakuna kilichompita.

Mwaka uliofuata hotuba ya kumsifu Mutunga ilianza saa nne asubuhi ikaisha saa kumi na moja jioni. Ilipoisha, shamba la Muli lilikuwa na seng'enge na miche ya michungwa. Mwaka 1987 ikawa zamu ya Ndila. Michungwa ilikuwa ya mkubwa fulani ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na hati yake ilikuwa na mihuri yote.

Asubuhi hiyo Kalunde alimkuta Ndila njiani.

"Mwaka huu tusiketi," alimwambia. "Tusimame tu, tuone."

"Na Mutunga tutamwambia nini?" Ndila akauliza. "Si atakuwa pale anatuangalia?"

Na kweli, Mutunga hakukosa hata mwaka mmoja. Alikuja na koti la kaki alilozikwa nalo. Kwenye kizuizi vijana wa chama walimwomba kadi ya uanachama, akawaonyesha kadi yake ya ubatizo, nao wakamweka nyuma kabisa pamoja na wengine wasio na kadi. Jukwaani hakuna aliyemtambua, ingawa picha yake ilitundikwa hapohapo. Fundi aliyeichora alikuwa amemwongezea mashavu.

Kalunde alichuchumaa mbele yake kabla kipaza sauti hakijawashwa.

"Asa," alisema, kama mtu anavyomwita baba yake. "Leo wanachukua langu. Mume wangu Mbuvi amezikwa pale kando ya kisima. Nifanye nini?"

Mutunga akawaza. "Keti," akasema.

"Tumeketi, asa. Tukiketi ndio wanachukua."

"Basi usiketi hapa. Nenda ukaketi shambani penyewe." Akakohoa, akajifuta mdomo. "Wakati wetu serikali ikimaliza kusema, ilikuwa imeshindwa. Sikujua itajifunza kusema."

"Huna lingine?"

"Sina lingine, mwanangu."

D.O. alipoanza kuwasalimu wananchi, Kalunde alikuwa tayari ameshafika shambani. Alitandika leso kwenye tuta la tatu, kati ya vigingi, akaketi akilitazama trekta lililokuwa likija kulisawazisha. Uzito ukampanda polepole, kama maji yanavyojaa mtungini. Alifurahi, tena sana. Tangu mwaka wa shamba la Muli hakuwahi kuhisi kwamba kuketi kuna maana.

Dereva wa trekta aliitwa Gicheru, kijana wa watu aliyetoka Emali. Alizima injini.

"Shosho, toka hapo tafadhali. Mimi nimetumwa tu."

"Hata mimi nimetumwa," Kalunde akasema.

Askari wanne walikuja wakajaribu kumnyanyua. Mmoja aliumia mgongo, akakaa pembeni. Wakamwandikia D.O. kikaratasi, naye akakisoma bila kukatiza hotuba, akaandika neno moja na kukirudisha. Gicheru alilisoma, akajikuna kichwa. "Zunguka," lilisema.

"Pole, shosho," akasema, akawasha injini, akazunguka.

Matuta yale yalikuwa ya fanya juu. Kalunde aliyachimba na wanawake wa mwethya wake, kikundi cha kusaidiana kazi, kwa miaka kumi na mitano, kila kiangazi, wakiimba na kurusha udongo upande wa juu. Trekta liliyasawazisha kabla ya saa ya chakula. Kisha likaenda kando ya kisima, likapita juu ya Mbuvi, na kwa kuwa mara moja haikutosha likarudi tena. Kalunde alipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Wakati huo kipaza sauti kilikuwa kikieleza kwamba Mutunga hakuwahi kumpazia mtu sauti. Watu waliokuwa wameketi waligeuza vichwa wakamtazama. Vichwa havikuwa vizito.

Saa kumi na moja serikali ikamaliza. Kalunde alihisi wepesi ukimrudia, lakini hakuinuka. Alikuwa amekaa juu ya kilima cha udongo chenye upana wa kitanda, pamoja na mbaazi mmoja aliouchuma mwenyewe asubuhi ukabaki mtupu. D.O. alikuja pale na Mheshimiwa na watu wote nyuma yao.

"Mnamwona mama huyu?" alisema. "Huyu ndiye mwanafunzi wa kweli wa Mutunga. Hapa alipoketi pasiguswe. Hapa ni historia yetu."

Watu wakapiga makofi. Muli alipiga makofi akilia.

Mutunga alipita mwisho, akikung'uta vumbi kwenye koti. "Umeketi vizuri," alimwambia. Kalunde alimchukia. Alimchukia kama mtu anavyomchukia wa damu yake, huku bado akimpenda. Mzee akaenda zake makaburini akikohoa.

Kufikia Septemba iliyofuata, kile kilima kilikuwa kimezungushiwa mnyororo na kuwekewa bamba lenye jina la Mutunga. Kalunde alikuwa akiishi katika chumba nyuma ya soko. Alivaa rinda la kanisani akaenda, kwa kuwa lango lilifunguliwa siku hiyo moja tu, na hakuwa na njia nyingine ya kumkaribia Mbuvi. Michungwa ilikuwa imeshika vizuri, maana ilimwagiliwa maji ya kisima. Ng'ambo ya seng'enge, kwenye shamba la Mutie, Gicheru alikuwa akitia mafuta trekta. Alimpungia mkono.

Mlinzi alimshika Kalunde kiwiko akamsaidia kupanda kile kilima.

"Keti vizuri, susu," alisema, kama anayesema na nyanya yake.

Kalunde alitandika leso, akaketi. Uzito ukaja, na serikali ikaanza kusema.