Mifupa ya Ng'ombe

Kazi ya Mtaalamu ilikuwa kusimama. Ghala kongwe la kando ya mto lilikuwa linageuzwa hoteli, na kila sakafu ilipochimbwa, sheria ilimtaka awepo ukingoni mwa shimo akiangalia kama kuna mabaki ya kale. Akiinua mkono, mashine inazimwa. Kisha anajaza fomu: kimeonekana nini, kwa kina gani. Mafundi walimtania kwamba anaajiriwa kwa miguu yake. Alivumilia, maana ripoti ya ghala hili ikipita salama angepewa ajira ya kudumu baada ya miaka sita ya vibarua.

Aliyemthamini ni Mama Chai peke yake, muuza chai wa langoni. Ghala hilo liliwahi kuwa mahabusu. Kaka yake aliingizwa humo miaka thelathini iliyopita akiwa mzima, na hakuna aliyemwona akitoka.

"Mwanangu, ukimwona utamjua," alimwambia kila asubuhi. "Muundi wa mguu wake wa kushoto ulivunjika utotoni, ukaunga kombo. Mama yetu bado anamsubiri, hataki kufa kabla hajamwona au kumzika."

Mtaalamu akaahidi kumwambia. Ulimi hauna mfupa.

Alhamisi mashine ilifika chumba cha nyuma, cha mwisho. Ndoo ilikwangua mara mbili tu, akainua mkono. Akashuka na brashi yake, akafuta udongo taratibu kuanzia mfupa wa nyonga kushuka chini. Muundi wa kushoto ulikuwa umeunga kombo. Pembeni walilala wengine wawili.

Msimamizi wa ujenzi akachuchumaa ukingoni. "Hii ikifika polisi, hapa panafungwa mwaka mzima. Na ofisini kwenu watauliza nani kaleta balaa."

"Ni watu hawa, bosi."

"Ni watu ukiandika watu."

Tusimsingizie kwamba aliteseka. Alisita kwa muda wa kutafuta kalamu mifukoni, basi. Akaandika: mifupa ya ng'ombe, haina umuhimu. Saa sita haijagonga, zege lilikuwa limeshamwagwa.

Mama Chai alikuwa ameisikia mashine ikizimwa. Alimngoja langoni, birika mkononi.

"Umemwona?"

"Ng'ombe tu, Mama. Nadhani zamani palikuwa na machinjio."

"Na shimo la mwisho ndilo hilo?"

"Ndilo hilo."

Mtaalamu alijiandaa kwa kilio, kilio angekiweza. Lakini mama yule alijibwaga kwenye kibao chake akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe hayumo! Alitoka! Na mimi miaka yote namwambia Mama akubali tu kwamba mwanawe kafa."

Akawamiminia mafundi chai yote iliyobaki, bure, akakusanya vikombe mbio mbio. Kisha akamkumbatia Mtaalamu kwa nguvu.

"Mungu akulipe, mwanangu. Ngoja nikimbie nyumbani nikamwambie Mama aendelee kusubiri."