Kivuli Kilichofungwa Miaka Kumi

Mji wetu una askari wengi kuliko wezi, na bado wezi hawajawahi kukosa kazi. Naanza hivyo ili asije mtu akadhani namheshimu yeyote aliyevaa mkanda wa kituo. Mimi ni msusi. Nimeshika vichwa vingi mjini humu, vya wake za wakubwa na vya wake za wadogo, na hakuna siri ya kituo ambayo sijaisikia.

Kwetu mwizi hakimbizwi. Kila duka la sonara lina mlango wa mtego: ukitoka mbio na mali isiyo yako, mlango unajifunga na kukibana kivuli chako, nawe unakwenda zako bila hicho. Asubuhi askari wanakuja, wanakikunja kama mkeka na kukipeleka kituoni. Kinachobaki ni kumtafuta mtu asiye na kivuli. Kazi rahisi kuliko kumenya ndizi, lakini mpe askari wetu kazi rahisi uone atakavyoitia ugumu.

Mwizi ninayemsimulia aliingia kwa sonara jua likizama. Kivuli kilichonaswa kilikuwa kirefu, kama vivuli vyote vya saa hiyo, na kivuli kikishakatwa hakikui wala hakipungui. Mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo. Mkuu wa askari hakulijua, au alijifanya halijui. Alikitandaza uani kituoni, akaita fundi cherehani aje na futi yake, kikapimwa utosini hadi kisiginoni. Kisha likatoka tangazo: anatafutwa mtu mrefu kupita kiasi.

Mtu wa namna hiyo katika mji mzima ni mmoja, naye ni mume wangu.

Watu humwita Mlingoti. Ni mchimba visima, mtu ambaye akiazima sufuria ya jirani huirudisha imesuguliwa hadi ng'ombe angejiona ndani yake. Askari walimkuta kazini, kisimani, kichwa tu kikichungulia nje. Wakamwambia atoke, yuko chini ya ulinzi. Akatoka, akasimama juani, na kivuli chake kikalala juu ya buti zao, kizima, hakijapungua hata kidole. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hawakuwahi kukutana na askari wetu.

Siku hizohizo mkuu wa askari alikuwa ameanza kutembea na mwavuli. Kiangazi, mbingu kavu kama ukoko, na yeye na limwavuli la kufunika ukoo. Akiingia mahali, anatafuta kona yenye giza. Mke wake alipokuja kusukwa nilimuuliza bwana ana nini, akasema jua linamchoma macho. Nikamwambia pole. Mji mzima ulikuwa umeshaelewa, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Nami sikusema, maana niliogopa. Kwetu mtu hafungwi, hufungwa kivuli chake. Kinakatwa kwa kisu cha mahakama, kinatiwa sandukuni, na mwenyewe anaachwa atembee hivyohivyo. Asiye na kivuli hapewi kazi, haazimwi hata chumvi, watoto wanamkimbia, na akifa hakuna wa kumwosha. Nilimwazia Mlingoti wangu akiwa hivyo hadi nikamsuka mteja mmoja upande wa kulia mistari na wa kushoto mabutu. Mama mkwe wangu aliacha kwenda sokoni. Alisema mama wa mwizi hana uso wa kuchagua nyanya.

Siku ya kesi ukumbi ulifurika. Hakimu alikuwa shemeji yake mkuu wa askari, kaka wa mkewe, na kwetu hilo haliitwi tatizo, linaitwa ushirikiano. Mkuu mwenyewe alikaa nyuma ya nguzo, mwavuli magotini. Kivuli cha dukani kilitandazwa mbele ya meza ya hakimu.

"Hiki ni chako?" hakimu akamuuliza mume wangu.

"Hapana, mheshimiwa. Changu hiki hapa." Akanyoosha mkono kuonyesha sakafuni. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na kivuli chake nacho kikanyoosha mkono.

Watu wakacheka. Mwendesha mashtaka akainuka, kijana wa maneno mengi na shingo nyembamba.

"Mheshimiwa, mahakama isidanganyike. Mtu aliyeiba dhahabu atashindwa kuiba kivuli? Hicho alichonacho ni cha mtu mwingine."

"Cha nani?"

"Upelelezi unaendelea, mheshimiwa."

Hakimu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa asali. Hakuuliza dhahabu iko wapi, wala kama mshtakiwa alionekana na yeyote. Alikohoa, akasoma: kivuli kilichonaswa dukani ni cha mshtakiwa, kivuli cha mshtakiwa kitafungwa miaka kumi.

Mama mkwe akalia kwa sauti. Askari mwenye kisu akamsogelea mume wangu na kupiga goti kwenye visigino vyake, pale kivuli kinapoanzia. Mlingoti alifumba macho. Na mimi, sijui nani alinisukuma, nikajikuta nimesimama juu ya benchi.

"Mnakata kipi?"

"Keti, mama," hakimu akasema.

"Nitaketi, mheshimiwa, nikishaelewa. Umesema cha mume wangu ni hicho kilicho mbele ya meza yako. Mtu ana kivuli kimoja. Basi chake kimeshakamatwa tangu siku ile. Hiki cha miguuni pake, huyu bwana amesema ni cha mtu mwingine asiyejulikana. Huyo mtu ameshtakiwa? Mnafunga kivuli kisicho na kesi?"

Mwendesha mashtaka akatazama viatu vyake. Askari mwenye kisu akabaki ameinama, hajui akate au ainuke. Hakimu naye alikwama. Akisema nimekosea, basi hukumu yake ni uongo, na hakimu wetu angemeza kalamu kuliko kufuta neno aliloliandika mbele ya watu.

"Mahakama imezingatia," akasema hatimaye. "Kifungo kitatumikiwa na kivuli kilicho kizuizini. Hicho kingine mfungwa atakitunza mpaka mwenyewe apatikane."

Nyuma ya nguzo mwavuli ulianguka kwa kishindo.

"Hapana!" Mkuu wa askari alikuwa amesimama.

"Una neno, mkuu?" hakimu akamuuliza, na hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika. Alikuwa amemfunga shemeji yake miaka kumi, kwa kalamu yake mwenyewe.

Mkuu alitutazama sote, nasi sote tukamtazama, tukimpa nafasi.

"Hapana, mheshimiwa," akasema polepole, akaketi. Sanduku likafungwa kufuli.

Haikupita hata wiki, adhuhuri moja tukasikia hodi. Ni yeye, chini ya mwavuli, jasho linamtiririka.

"Shemeji, hujambo?"

"Tangu lini tumekuwa na undugu?" nikamjibu. "Sema shida yako, mkuu."

Akanipita, akamgeukia mume wangu aliyekuwa ananoa sururu. Akaanza kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Mlingoti akate rufaa. Atashinda tu, ushahidi hakuna, yeye mwenyewe mkuu atakiri futi ilikosewa. Jina la Mlingoti litasafishwa. Kivuli kitatolewa sandukuni, na kikishatoka, basi, mtu wake atakuja kukichukua kimyakimya.

Nilitaka kumcheka usoni, lakini nilimwona mume wangu ameacha kunoa. Alikuwa anamsikiliza kweli.

"Jina langu litasafishwa?" akauliza.

"Kabisa, ndugu yangu."

"Na lako?"

Mkuu akauinamisha mwavuli ukamfunika uso.

"Nitakata rufaa," mume wangu akasema, "siku mwenye kivuli atakaposimama pale mbele, mchana, na kusema kivuli ni chake. Siku hiyo niite, nitakuja mbio."

Mkuu akaondoka akikumbatia ukuta, na watoto wa mtaa wakamfuata kwa mbali. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa namhesabia: miaka kumi ya mwavuli, mkuu wa askari, hata kuanika shati hawezi! Nikamgeukia mume wangu tucheke pamoja.

Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anaifunga sururu kwenye gunia, kama anavyoifunga kazi ikiisha.

"Leo si siku ya kisima cha mwokaji?" nikamuuliza.

"Ametafuta mchimbaji mwingine," akasema. "Anajua sikuiba. Ameniambia mwenyewe kwamba anajua. Ila hataki maji yake yawe yamechimbwa na mtu mwenye hukumu."