Geji ya Mama Bridgit

Mideva alimwambia mumewe, Sifuna, wazi, wateja wakisikia: geji ya petroli aliyomfungia imemwaibisha. Jana gari lilimzimikia mtaani Makina akipeleka chapati za watu, zikapoa, na geji inasema tangi lina robo. Likizima tena leo, linaenda kwa fundi Kimotho afunge geji ya maana.

Sifuna ni fundi wa umeme wa magari hapa Kawangware, na kuliko mkewe apeleke gari kwa fundi mwingine, heri atukanwe.

Geji ile aliiunda mwenyewe: kikompyuta kama kiberiti, kinachosoma umeme kutoka kwa boya linaloelea ndani ya tangi na kuandika namba kwenye dashibodi. Mwanzoni namba ziliruka kama bisi. Kwenye geji tangi lilijaa, likaisha, likajaa tena kabla gari halijatoka getini. Sifuna akafunga kapasita kubwa ya kutuliza umeme kwenye waya, kisha akakiagiza kikompyuta kipige wastani wa asubuhi nzima. Namba zikatulia. Zikatulia mno; petroli inaisha, geji bado inasimulia habari za alfajiri.

Sasa aliitoa ile kapasita, akaufuta na ule wastani, akalala chini ya gari, akamwomba Mideva apige honi. Namba zikaruka. Akawasha taa, zikaruka tena. Hapo Sifuna akaona aibu yake: waya wa kurudisha umeme wa geji aliubana kwenye bolti moja na wa honi na taa, juu ya rangi na kutu, hivyo umeme wao ulivuruga namba. Akauvutia njia yake peke yake, moja kwa moja kutoka tangini hadi kwenye kikompyuta. Akaweka kapasita ndogo, na wastani mfupi wa kumeza mtikisiko wa mashimo ya barabara tu.

"Kwa hivyo hiyo kelele ya namba kuruka ilikuwa yako," Mideva akasema.

"Yangu."

"Na badala ya kuitafuta, ukaifunga mdomo. Ndivyo unavyonifanyia hata nyumbani, Baba Bridgit. Nikiuliza kitu, sawa mama, sawa mama, mpaka tunazimikiwa."

Sifuna akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Walipeleka chapati mtaani Mashimoni pamoja. Njiani namba ilitetemeka kidogo kwenye mashimo, ikashuka, ikaendelea kushuka. Wakirudi, Sifuna alifungua mdomo aseme petroli bado iko ya kutosha, lakini Mideva alishaitazama geji na kuwasha indiketa. Akaingia kituo cha petroli bila kumuuliza.