Treni ya Mikebe

Kwa maneno ya Truphena, ambaye mlango wake ulitazamana na mfereji wa maji, mambo yalikuwa hivi. Jumanne, saa nne za asubuhi, alitoka kumwaga maji ya vyombo, akawaona watoto wanaolelewa na Nzembi wamejipanga mstari, vichwa chini, wanaimba wimbo wa matanga. Mbele yao palikuwa na maiti. Truphena hakusema mwanasesere, alisema maiti, na akawapimia watu urefu wake kwa mikono miwili, na kila alipompimia mtu mwingine maiti ile ilikuwa imerefuka kidogo. Muasya, mtoto wa Kiilu, wa miaka mitano, ndiye aliyekuwa mchungaji, amevaa sweta ya babake inayoburura chini. Na Nzembi mwenyewe? Ameketi pale pale kwenye kibao chake, anamenya viazi, ametulia kama mtu anayesikiliza redio.

"Mimi nimezaa sita," Truphena aliwaambia wanawake waliopanga foleni ya maji, "na sijaona watoto wakicheza kuzika halafu nyumba hizo zikakaa salama."

Habari ilipofika upande wa pili wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ilikuwa tayari ina mshumaa. Kesho yake ilikuwa na mengi zaidi: Nzembi ameshona mfano wa mtoto wa Rispa, yule aliyefariki mwezi wa nne, na amemvisha nguo za marehemu. Mtu mmoja akakumbusha kwamba Nzembi ni Mkamba, akaishia hapo, maana sifa ya uchawi waliyopewa Wakamba hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Ukweli ulikuwemo ndani ya maneno hayo, lakini ulikuwa mdogo, na ulikuwa umelala vingine.

Nzembi alikuwa na miaka ishirini. Alimaliza darasa la saba huko Wamunyu, karo ya kuendelea ikakosekana, akaja mjini, Makongeni, kukaa kwa kaka yake Kiilu, dereva wa lori katika shirika la reli. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia Muasya na dadake Mbeti. Asubuhi moja jirani akamwachia mtoto wake kidogo tu, akimbie Makadara arudi. Siku nyingine jirani mwingine. Hatimaye wakawa watano, na wa tano alikuwa Adhiambo, binti wa Rispa, miaka mitatu na nusu.

Vitu vya kuchezea Nzembi hakununua hata kimoja. Mkebe wa mafuta ya Kimbo alioutoboa chini kwa msumari ulikuwa mvua. Vifuniko vya soda vilivyopigwa bapa na kutungwa kwenye waya vilikuwa kayamba. Mpira ulikuwa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Na siku ambazo hakupata hata waya, aliwapangisha viatu vyote vya nyumba kutoka kikubwa mpaka kidogo, na kazi hiyo iliwachukua hadi saa sita wakibishana.

Alikuwa na desturi moja aliyoitoa kwa babake, mchongaji wa vinyago. Mzee huyo, akichongea watoto wa nyumbani mnyama kwa kipande cha mti kilichobaki, hakuwa akimmaliza. Aliwapa twiga asiye na masikio, kiboko asiye na macho, kisha akarudi kwenye kazi yake, na watoto wakatafuta masikio wenyewe, ya ngozi, ya majani, ya chochote. Nzembi naye alifanya hivyo. Kila kitu alichotengeneza alikiachia upungufu, halafu akaketi pembeni kutazama mtoto atauziba na nini.

Sasa kuhusu mwezi wa nne. Gordon, mdogo wake Adhiambo, alikuwa na miezi kumi. Kifua kilimbana siku nne, ya tano akaaga. Waombolezaji waliimba nyumbani kwa Rispa usiku tatu mfululizo, kisha jeneza dogo likapakiwa kwenye behewa la mwisho la treni ya Kisumu. Zedekiah, baba mtu, alikuwa gadi wa treni, lakini siku hiyo alisafiri kwa nguo za kawaida kama abiria mwingine, yeye na mkewe. Adhiambo alikuwa na homa, akaachwa kwa Nzembi. Alipouliza Gordon yuko wapi, watu wazima walimjibu jambo lililokuwa rahisi kusema: amepanda treni na Baba, wameenda Kisumu.

Mtoto wa mahali pengine angelisikia jibu hilo likampita. Lakini huyu alikuwa mtoto wa gadi. Babake alipanda treni ya Kisumu kila Alhamisi, na sanduku lake la bati na taa yake, na kila Jumamosi alirudi ananuka moshi, ana samaki wakavu ndani ya gazeti. Baba za wenzake walikuwa hivyo hivyo. Makongeni nzima ilipanda treni, na Makongeni nzima ilirudi. Kwa hiyo Adhiambo alingoja. Zedekiah aliporudi, mtoto alimwamkia, akatazama nyuma yake mlangoni. Rispa aliporudi wiki iliyofuata, akatazama tena. Tangu siku hiyo hakusema neno. Alikula, alioga, alilala, mdomo umefungwa. Walimpeleka zahanati wakaambiwa koo lake ni zima.

Rispa naye kuna kitu alinyang'anywa ambacho hakuna aliyekitaja. Tangu Gordon azaliwe, landi nzima ilikuwa ikimwita Mama Gordon. Baada ya mazishi wanawake wote, kama waliopatana, walirudia kumwita Mama Adhiambo. Walifanya hivyo kwa huruma. Nzembi alikuwa akimwona Rispa anavyochelewa kidogo kuitika.

Mwezi wa sita Nzembi akaunda treni. Mkebe wa Kimbo uliolazwa ndio kichwa, kopo la nyanya likawa bomba la moshi. Mabehewa yalikuwa mikebe mitatu ya samaki, iliyoungwa kwa waya, na magurudumu yalikuwa vifuniko vya soda. Abiria walikuwa magunzi ya mahindi. Kwa desturi yake aliyatoa bila nguo wala uso, akamwambia kila mtoto amvishe abiria wake, maana hakuna anayesafiri uchi.

Muasya alimvisha wake karatasi ya sigara, akasema huyo ni polisi. Mbeti akamfunga wake kitambaa cha kanga. Adhiambo aliinuka, akaenda kwao mbio, akarudi na ngumi imefumbwa. Ndani ya ngumi mlikuwa na soksi moja ya mtoto mchanga, ya buluu, ukingo mweupe, imefumwa kwa mkono. Nzembi alidhani ni yake ya zamani. Mtoto akaingiza gunzi ndani ya soksi, akalilaza behewa la mwisho, akalifunika kwa jani la sukumawiki.

"We Adhi, abiria gani analala?" Muasya akamcheka. "Treni si kitanda."

"Ni Gordon," Adhiambo akasema. "Anaenda Kisumu."

Kisu kilisimama juu ya kiazi. Ilikuwa sauti nene kidogo, yenye kutu, ya mtu aliyeamka. Nzembi alitaka kupiga kelele, kumkumbatia, kuita watu. Hakufanya chochote. Alimenya, akaogopa hata kuinua uso, asije akaitisha ile sauti ikarudi ilikotoka.

Watoto waliposikia ni Gordon walijua la kufanya, kwa kuwa wote walikuwepo mwezi wa nne. Wakajipanga, Muasya akaomba, wakaimba. Hapo ndipo Truphena alipotoka na maji yake ya vyombo. Angelisimama dakika mbili zaidi angeliona yaliyofuata. Adhiambo alishika kamba, akaivuta treni, akauzunguka mfereji na karo yake ya kufulia, akapita nyuma ya kamba za nguo, akarudi mahali alipoanzia. Akachutama. Akafunua jani, akatazama. Akalifunika tena, akaanza safari upya. Alizunguka mara sita asubuhi ile, na kila aliporudi alifunua na kutazama vile vile, bila haraka.

Mzunguko wa nne Nzembi alielewa. Mtoto huyu hakuwa anazika mtu. Alikuwa anamrudisha. Na hapo akajaribiwa: kulikuwa na nafasi, Adhiambo akiwa amegeuka kufunga kamba, ya kuinyoosha mikono na kulikalisha lile gunzi wima, ili akifunua amkute Gordon ameketi. Mkono ulitoka kweli. Ukafika karibu na mkebe. Nzembi akaurudisha kwenye viazi, akakimenya kiazi ulichoshika kwanza mpaka kikabaki kama gololi.

Alhamisi jioni Rispa alikuja. Alikuwa ametoka kazini Makadara, alikokuwa akifagia ofisi, na alikuwa bado na koti lake la kazi. Nyuma yake, mbali kidogo, Truphena alikuja mferejini kuteka maji na ndoo iliyokuwa imejaa tayari.

Rispa hakupaza sauti. Aliuliza kile kitu kiko wapi. Alisema hakuja kugombana, watu wanasema mengi na yeye hana nguvu za kuyapima, ila Jumamosi Adhiambo atapelekwa kwa nyanyake Ugenya, pasi ya treni ya Kisumu imeshaombwa, na huko atakaa mpaka aanze shule. Alisema anamshukuru Nzembi kwa yote. Sasa ampe hicho kitu akitie jikoni kiungue.

Jumamosi, Nzembi akarudia moyoni. Siku mbili. Mtoto ambaye ameanza kusema maneno manane tu, aliyahesabu, apakiwe kwenye treni ile ile ya Kisumu, afike, atafute huko nako, asimwone. Ulimi wake haukuwa mwepesi mbele ya wakubwa. Alipofungua mdomo likatoka lililokuwa karibu.

"Sawa, Mama Gordon," alisema.

Ndoo ya Truphena ikatua chini. Rispa akatafuta kwa mkono kibao cha viazi, akaketi.

"Hujaniita hivyo tangu mwezi wa nne," akasema. "Hakuna aliyeniita."

Nzembi aliomba radhi. Rispa akatikisa kichwa, akamwambia asiombe. Ndipo Nzembi akamweleza, kwa sauti ya chini ili maneno yasifike mferejini, kwamba mtoto anaongea. Kwamba treni itaungua, hana neno, ila kabla haijaungua amtazame binti yake mara moja tu, mzunguko mmoja, halafu aamue. Akaingia ndani akaitoa chini ya kitanda cha Muasya.

Adhiambo alipoiona kamba hakumjali mtu. Aliizungusha treni kwenye mfereji, akamzunguka Truphena aliyelazimika kuinua mguu mmoja kupisha reli, akapita nyuma ya kamba za nguo. Mikebe ilikuwa ikigongana. Akarudi, akasimamisha treni mbele ya miguu ya mamake. Akachutama, akafunua jani.

Rispa aliinama kutazama, na Nzembi akaona uso wake umebadilika. Haikuwa hasira. Alinyoosha kidole kimoja akaigusa soksi ile ya buluu, kwenye ukingo.

"Niliitafuta," akasema. "Usiku ule nilikitandua kitanda chote, nikahamisha hata kabati. Nikamvisha moja. Alienda na mguu mmoja wazi, Nzembi. Kila nikilala nauona huo mguu."

Nzembi hakujua. Alisema hakujua.

"Mimi nilificha," Adhiambo akasema.

Rispa akashtuka kama aliyeguswa na maji baridi. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo kwa wiki tisa. Akamwuliza taratibu, kwa Kijaluo, halafu tena kwa Kiswahili, alificha kwa nini.

"Asiende. Hana viatu, haendi."

Pale mferejini Truphena aliinua ndoo yake, akaondoka nayo, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Makongeni hakugeuka nyuma.

Rispa aliiinua treni, akailaza mapajani pake juu ya koti la kazi. Aliigeuza, akalizungusha gurudumu moja la behewa la mwisho, likayumba. Akaubana waya wake kwa kucha, likayumba tena.

"Hili limelegea," akamwambia Nzembi bila kumtazama. "Kesho akija ulikaze. Na Jumamosi pia usiende mahali, nitakuwa kazini."

Nzembi akaitikia kwamba atalikaza. Jikoni kwa wifi yake, mke wa Kiilu, maharagwe yalikuwa yanachemka, na kutoka upande wa stesheni ikasikika filimbi ya treni ya jioni, ikiondoka. Zedekiah alikuwamo, na taa yake. Adhiambo akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichomoa soksi kwenye gunzi, polepole, akaikunjua juu ya goti la mamake na kuilainisha kwa kiganja, kama alivyokuwa akiona nguo zikilainishwa kabla ya kutiwa sandukuni.

"Mama," akasema, "Alhamisi ile ingine Baba akienda, mpe hii ampelekee Gordon avae. Halafu arudi naye."

Rispa aliifunika soksi kwa mkono wake, na mkono wa mtoto ukawa umo humo ndani. Adhiambo hakuuondoa. Aliinua uso, akamtazama mamake mdomoni, akingoja.