Hata Kosa Langu

Tulishinda mabao matatu kwa bila, na uwanja mzima ukaimba jina la mtu mwingine. "Pi-li-pi-li! Pi-li-pi-li!" Walianza wa jukwaa la mashariki, wakapokewa na wa magharibi, hata wauza maji wakaweka ndoo chini ili wapige makofi vizuri. Mimi nilisimama kando ya mstari na koti la kocha mabegani, nikitabasamu kama bibi harusi aliyemsikia bwana harusi akilitaja jina la mke wa zamani. Ulikuwa ushindi wangu wa sita mfululizo. Pilipili mwenyewe, kocha wa zamani, hakuwapo hata uwanjani.

Nisifiche: nilikuwa na wivu. Kila asubuhi niliukuta umeshaamka kabla yangu. Miaka tisa nilikuwa msaidizi wake. Chanda chema huvikwa pete, wanasema. Mimi nilikuwa kidole kinachotumwa kukwangua masizi. Alipofukuzwa mwaka uliopita nikakabidhiwa timu "kwa muda", na huo muda nikaupenda kuliko afya yangu. Sasa nusu ya wanachama walitaka arudi, nusu hawakutaka hata kumsikia, na mkutano wa Jumamosi ndio ungeamua. Akirudi, nami narudi kupanga koni na kujaza mipira upepo.

"Hata wewe?" nilimuuliza mke wangu nilipomsikia akiuimba ule wimbo huku anakunja nguo.

"Wimbo mtamu, Baba Pacha, nifanyeje?" Akacheka. "Halafu yule mzee ana ukali wake, lakini ana utu. Akifika hapa anawauliza watoto kwa majina. Wewe juzi umewachanganya."

"Ni pacha!"

"Ni wako. Wivu ni kidonda, mume wangu, ukiushiriki utakonda. Na mashavu yenyewe huna."

Alhamisi Mwenyekiti aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. "Wewe ndiye uliyekaa naye benchi," akasema. "Neno lako litawabeba wengi. Waambie wakati wake umepita, basi. Mkataba wako wa miaka mitatu nautia saini siku hiyo hiyo." Nilitoka mle nikitembea kama mtu mwenye viatu vipya.

Kulikuwa na jambo moja tu, nalo tulilijua watu wawili. Pilipili alifukuzwa kwa sababu ya fainali. Alimpanga kiungo wetu aliyekuwa na kadi tatu za njano, ambaye kwa kanuni hakutakiwa kucheza. Tukashinda uwanjani, na kesho yake kombe likachukuliwa mezani. Kamati ilipomhoji alisema, "Timu napanga mimi. Kosa ni langu." Walipozidi kumhoji akapindua meza, chai ikamwagikia suruali ya Mwenyekiti. Lakini daftari la kadi nilikuwa nalitunza mimi. Ile kadi ya tatu ilitolewa siku ya mvua, nikasema nitaiandika nikifika nyumbani, nikasahau. Asubuhi ya fainali aliniuliza, "Una hakika ana mbili?" Nikamjibu, "Asilimia mia, mwalimu."

Ijumaa nikaenda kwake. Nilikuwa natumaini kumkuta mgonjwa, au mlevi, au angalau mnyonge. Nilimkuta anapaka geti lake rangi ya buluu, anapiga mluzi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kocha." Hakuwahi kuniita hivyo. "Timu inacheza. Nasikia beki ya kushoto umeiziba."

"Kesho wanataka nizungumze."

"Zungumza, una mdomo."

"Kuhusu zile kadi..."

"Kadi gani?" Akachovya brashi. "Lile nilishalimaliza. Wewe una watoto wadogo, jina lako bado linatafuta riziki. Langu limeshiba. Ukilitupia matope halina habari."

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilitamani kummwagia ile rangi kichwani. Mtu akikutukana, unaweza kumrudishia. Huyu alinitendea wema, kisha akaendelea kupaka geti.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Katibu ndiye aliyeanza. "Mtu aliyetupotezea kombe kwa uzembe harudi hapa!" Nusu wakashangilia. Mzee mmoja wa viti vya nyuma akasimama polepole. "Alikosa, ndiyo," akasema. "Lakini alikiri kiume. Nani kati yenu amewahi kukiri hivyo?" Makofi yakalipuka, hata kutoka kwa waliokuwa wakimpinga.

Hapo nyongo ikanipanda. Uwanja ulikuwa wake, wimbo wake, mpaka mke wangu na nguo zake za kukunja. Na sasa anapigiwa makofi kwa uzembe nilioufanya mimi. Hata kosa langu! Mwenyekiti akanipa kipaza sauti na kunikonyeza. Maneno niliyoyakariri siku mbili yalikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Lile kosa si lake," nikasema. "Ni langu."

Nikawaeleza yote: daftari, mvua, asilimia mia. Sitajidai kwamba dhamiri ilinisuta. Nilikuwa kama mtu anayefuata sufuria yake kwa jirani. Mwenyekiti alijiinamia, akashika paji la uso.

Kisha yule mzee wa nyuma akasema, kana kwamba anajisemea, "Kumbe alikubali kufukuzwa kwa ajili ya mwenzake." Wimbo ukaanzia hapo. "Pi-li-pi-li!" Waliompinga ndio walioimba kwa sauti kubwa zaidi. Katibu mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kiti.

Mama anayekata tiketi mlangoni mwa uwanja, aliyetujua sote wawili tangu tulipokuwa wachezaji, akanyoosha mkono mpaka wakanyamaza.

"Mwanangu," akaniambia, "si kwa ubaya. Ingekuwa wewe ndiye kocha, na yeye ndiye aliyesahau kuandika, ungefanyaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuomba maji.

"Ningemtaja," nikasema. "Ningemtaja siku hiyo hiyo, mama."

Hakuna aliyezomea. Walinitazama tu, ukumbi mzima, mimi peke yangu, kama nilivyotamani kutazamwa kwa miaka tisa.