Salamu za Bandani

Kaka yangu hasalimii binadamu kabla hajasalimiana na farasi wake. Yule jike akisikia tu viatu vya mpira vinakuja, hulia, na kaka humjibu kwa mlio uleule, kichwa juu, mtu mzima mwenye mvi. Mimi humtania: "Ndiyo maana huoi. Wifi yangu ana mkia!"

Jana asubuhi viatu vilifika mlangoni, banda likawa kimya. Tulimkuta kwenye kona, shingo kainyoosha mbele, pua zimetanuka, usaha unamchuruzika. Chini ya taya palivimba. Kila pumzi ilikoroma.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo, naye hakukawia. Alipoingia, kaka alikuwa anampanua farasi taya kwa mikono miwili. "Achama, mama, vuta hewa!"

"Mwachie!" daktari akasema. "Farasi hapumui kwa mdomo. Ana pua tu."

Daktari akapapasa uvimbe kwa vidole vyenye glavu. "Majipu ya koo haya. La nje ningengoja liive nilipasue. La ndani linabana njia ya hewa, halitatungoja. Nimtoboe shingo, chini ya uvimbe, niweke mrija."

"Umchinje?" kaka akauliza.

"Kasema kutoboa, kaka!" nilimkemea. Fizi za farasi zilishaanza kuingia ubuluu. "Ukingoja, atakuja kutoboa mzoga."

Kaka akaitikia kwa kichwa.

Daktari akanyoa manyoya, akapiga ganzi, akashika kisu. Mimi nilishika kamba, macho ukutani. Niliogopa, sioni haya kusema. Mara nikasikia hewa ikiingia kwa nguvu, fyuuu, na kamba ikalegea mkononi.

Nikadhani yamekwisha. Farasi akamgeukia kaka, mbavu zikamtikisika kama anayelia, lakini hakikutoka kitu. Kaka akanyoosha kiganja azibe mrija ili sauti ipite.

Daktari akamdaka mkono. "Utamuua! Anapumulia hapo sasa. Hewa haipiti kooni, ndiyo maana hana sauti. Siku nikiutoa mrija, itarudi."

"Na akidhani simsikii?"

Daktari aliagiza farasi atengwe, awe na ndoo yake mwenyewe, na mtu akae naye kuangalia mrija usizibwe na usaha. Kaka akavuta kigoda.

Leo asubuhi nimempelekea chai. Kabla sijafika nikasikia mlio wa farasi. Nikakimbia, chai ikanimwagikia vidoleni.

Alikuwa kaka. Alilia, akanyamaza kidogo, akalia tena, salamu na jibu lake, zote mbili peke yake. Farasi kasimamisha masikio, mrija unapuliza.

Nikaweka kikombe chini, nikajaribu na mimi. Sauti yangu ilitoka kama mlango wenye kutu. Kaka akanicheka mpaka akafuta machozi.