Ukurasa wa Mia Sita na Kumi na Nne

Kitabu cha kampuni ya madini kilikuwa ndani ya tableti, na tableti ilifungwa kwa mnyororo kwenye meza ya ofisi ya mtaa, Kasulo, kana kwamba wezi walikuwa upande huu wa meza. Kurasa mia tisa, zote juu ya ardhi ambayo mashine zingeanza kuichimba Jumatatu. Mwenye shida aandike neno tu, alieleza karani Benoît, kitabu kitamtafutia.

Mama Adolphine aliandika Gracien, jina la mwanawe, aliyefukiwa mwaka juzi katika shimo alilolichimba chini ya chumba chao wenyewe. Kitabu kikajibu: hakuna. Akaandika shimo. Hakuna. Akaandika watu, kikampeleka kwenye picha ya wakubwa wakikata utepe. Huo ni ushenzi, na uitwe hivyo.

Wachimbaji hawaitani kwa majina, maana sauti haifiki chini. Aliye juu huvuta kamba mara mbili, na aliye chini hujibu mara mbili. Basi mama akaachana na maneno, akarudi kwenye orodha ya sura, akafungua ya saba, “Ardhi Isiyo na Watu”, akawa anagonga kila ukurasa mara mbili kwa kidole. Ijumaa nzima. Kwenye ukurasa wa mia sita na kumi na nne, kioo kilimgongea mara mbili.

“Mama, njo weye? Letako mayi,” ilisema sauti ya Gracien.

Alimimina kikombe kizima juu ya kioo. Maji yakashuka yote ndani ya kioo. Benoît alimwomba afute meza iliyokuwa kavu.

“Tata,” alimwambia karani, “mutoto yangu iko humu. Bamutoshe mbele ya masini kuanza kuchimba.”

“Mama, kitabu bamekwisha kufunga. Habawezi ongeza muntu.”

Jumatatu asubuhi mkubwa wa kampuni alikuja kutia sahihi mwishoni mwa kitabu, mashine zianze. Vitabu vya namna hii hukumbuka msomaji wa mwisho aliishia wapi, hivyo kikafunguka palepale. Kioo kikagonga mara mbili chini ya kidole gumba chake. Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja mtandao urudi, kisha akauliza ukurasa wa mwisho unafikiwaje.

Benoît alimwonyesha pa kubonyeza.

Mama Adolphine alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliambiwa ofisi imefungwa.